Sindano ya ndita: namna ya kulainisha paji bila kuangusha nyusi

Anayekwenda kuchomwa sindano ya kulegeza ndita huwa anawaza mistari tu. Mchomaji anayeijua kazi hutazama nyusi kwanza. Msuli wa paji ndio msuli pekee unaonyanyua nyusi. Nyuzi zake zimesimama wima kutoka kwenye nyusi kwenda juu kwenye nywele, ndiyo maana ukikaza, mistari hujichora kwa mlalo. Misuli ya kuzishusha nyusi iko kadhaa: ile ya katikati inayokunja uso, na ule unaozunguka jicho. Ukilegeza mnyanyuaji peke yake, washushaji hubaki wanavuta bila mpinzani. Paji linakuwa laini, lakini nyusi zinakaa chini na mtu anaonekana amenuna.

Dawa yenyewe ni sumu ya botulini aina A, kwa kipimo kidogo sana. Inazuia neva kuuamuru msuli ukaze, basi. Haijazi shimo wala haivuti ngozi. Majina yanayotajwa sana ni Botox, Dysport na Xeomin. Marekani iliidhinisha Botox kwa ndita za katikati ya nyusi mwaka 2002, na mistari ya paji ikafuata mwaka 2017.

Jipime kwenye kioo kabla ya kulipa

Keti wima mbele ya kioo, mwanga ukitokea mbele. Funga macho, legeza uso wote, kisha weka kiganja juu ya paji ulikandamize kidogo lisisogee. Sasa fungua macho. Ukiona kope za juu zimefunika sehemu ya mboni, au ukihisi macho mazito, maana yake kila siku unatumia msuli wa paji kushikilia kope bila kujua. Hali hii ni ya kawaida kwa waliovuka miaka 50. Mtu wa namna hiyo akilegezwa paji lote atalalamika kwamba haoni vizuri, na ana haki. Achomwe kidogo sana na juu sana, au aache kabisa.

Kisha nyanyua nyusi kwa nguvu uone mistari iko wapi. Eneo la sentimita 2 juu ya nyusi, karibu upana wa kidole gumba, kwa kawaida haliguswi, kwa sababu sehemu hiyo ya msuli ndiyo inayobeba nyusi. Mstari ulioko humo utabaki. Anayekuahidi kuufuta wote anakuahidi nyusi zilizoanguka.

Mwisho legeza uso uone kilichobaki. Mistari inayotoweka ukitulia ndiyo inayojibu vizuri. Iliyochimbika hata ukiwa umetulia itapungua kina tu, na huenda ikahitaji vipindi viwili au vitatu. Na kama miaka imepita ukijipaka mkorogo wenye steroidi, ngozi imekonda. Hapo sindano haina cha kurekebisha, anza kwa kuacha mkorogo.

Maswali ya kliniki

Bei ya “sindano moja” au “paji zima” haikuambii kitu. Uliza yuniti (kipimo cha nguvu ya dawa) ngapi, za dawa gani, zimechanganywa na maji kiasi gani. Kipimo kilichoidhinishwa cha Botox kwa paji ni yuniti 20, yaani pointi (mahali pa kuchoma) 5 za yuniti 4, pamoja na yuniti nyingine 20 katikati ya nyusi siku hiyohiyo. Hizo za katikati si za kukuongezea bili: zinawalegeza washushaji ili nyusi zisizame. Madaktari wengi huweka pungufu kwenye paji, yuniti 8 hadi 15, hasa kwa mwanamke mwenye paji fupi. Mwanaume ana msuli mnene zaidi na huhitaji zaidi. Mwenye upara achomwe hadi juu, la sivyo mistari itahamia utosini.

Yuniti za Dysport si sawa na za Botox. Katikati ya nyusi, pale Botox inapokwenda 20, Dysport ni 50. Kwa hiyo “nimepigwa 50” bila jina la dawa ni maneno matupu.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapopunjwa. Kichupa cha Botox cha yuniti 100 kikichanganywa na mililita 2.5 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kila mililita 0.1 inabeba yuniti 4. Kikijazwa mililita 5, mililita 0.1 hiyohiyo ina yuniti 2. Wengi huchoma kwa bomba la insulini la mililita 1, lenye alama 100, na alama hizo zinaandikwa yuniti pia, lakini ni za insulini. Alama 10 kwenye bomba hilo, kwa mchanganyiko wa mililita 2.5, ni yuniti 4 za Botox. Mtu akikuonyesha bomba limefika alama ya 20 akisema umepata 20, umepata 8.

Omba kichupa kifunguliwe mbele yako, soma jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, piga picha. Kitoke kwenye friji ya nyuzi joto 2 hadi 8. Kati ya Botox, Dysport na Xeomin, ni Xeomin tu inayovumilia joto la chumba kabla ya kufunguliwa, na mwisho wake ni nyuzi 25. Dar ya Februari bila kiyoyozi inapita hapo asubuhi mapema. Uliza umeme ukikatika friji inashikiliwa na nini. Uliza pia dawa kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania, na anayechoma kama yumo kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika. Saluni si mahali pake, hata iwe Masaki.

Usichomwe ukiwa mjamzito au unanyonyesha, ukiwa na miasthenia gravisi (ugonjwa unaodhoofisha misuli), au ukiwa na jipu au maambukizi pale pale pajini. Mwenye mzio wa maziwa ya ng’ombe asitumie Dysport. Mtajie daktari dawa unazotumia, hasa antibiotiki ya jentamisini, maana huongeza nguvu ya sumu hii.

Siku yenyewe na zinazofuata

Vinundu vidogo kama vya mbu hutoka na kupotea ndani ya nusu saa hivi. Kwa saa 4 usilale, usisugue paji, usivae kitu cha kubana: helmeti ya bodaboda, kilemba kilichokazwa, wigi lenye mkanda. Jimu na chumba cha mvuke subiri kesho. Anayeswali achukue nafasi ya saa 2 asubuhi. Hadi adhuhuri saa 4 zimeshapita. Kinachoogopwa ni kukandamiza na kusugua, si kugusa.

Mabadiliko huanza siku ya 3 hadi ya 5, na mara nyingi upande mmoja hutangulia. Usihukumu kabla ya siku ya 14. Paji likilainika huakisi mwanga zaidi, na kwenye ngozi nyeusi mng’ao huo huonekana sana pichani. Poda isiyong’aa inatosha.

Ikienda mrama

Ncha za nje za nyusi zikipanda juu kama za mtu anayeshangaa, pembeni mwa msuli pamebaki na nguvu. Hiyo ni rahisi: yuniti 1 hadi 2 kila upande, juu ya pale panapopinda zaidi. Nyusi nzito ni shida kubwa zaidi kwa sababu dawa haina kizimio. Kama katikati hapakuchomwa, kupachoma kunaweza kusaidia kidogo. Vinginevyo ni kusubiri wiki kadhaa.

Kope kudondoka ni jambo jingine: sumu imeteleza hadi kwenye msuli wa ndani unaofungua jicho. Daktari wa macho anaweza kukuandikia matone ya apraklonidini ya asilimia 0.5, yanayoinua kope milimita 1 hadi 2 kwa saa chache. Usinunue mwenyewe duka la dawa.

Kumeza kwa shida, sauti kubadilika, kuona vitu viwiliviwili au kupumua kwa tabu si mambo ya kurudi nayo kliniki. Nenda idara ya dharura, Muhimbili au iliyo karibu zaidi, siku hiyohiyo, pamoja na ile picha ya kichupa.

Kazi ya dawa hudumu miezi 3 hadi 4. Usirudie kabla ya miezi 3; kuchoma mara kwa mara huongeza uwezekano wa mwili kutengeneza kinga dhidi ya dawa. Siku ya 14 jipige picha tatu, umetulia, umekunja uso, umenyanyua nyusi, na uandike yuniti za kila pointi. Ukibadili daktari, hizo ndizo atakazoanzia.