Unauza nyumba na soko limelala? Weka haya sawa kwanza

Nyumba ikikaa sokoni miezi na miezi bila mnunuzi, mwenye nyumba hulegea. Anaanza kukubali masharti ambayo mwanzoni angeyakataa palepale. Ndiyo maana maandalizi yote yafanyike kabla hujamwambia dalali hata mmoja, wakati bado una nguvu ya kukataa. Naandika kwa kuangalia Dar es Salaam, nyumba za kawaida za Mbezi, Kimara, Tabata na Kigamboni, ambako anayenunua mara nyingi ni mtu aliyejichanga mwenyewe. Mikopo ya nyumba ipo benki, ila riba kwa kawaida inazidi asilimia 10 na wenye kipato cha kuibeba si wengi. Mnunuzi wa kweli akitokea, ni huyo mmoja tu, na ana nyumba nyingine kadhaa za kwenda kuangalia. Akukute uko tayari.

Anza na karatasi. Hati iko kwa jina la nani? Kama ni la marehemu baba, usitangaze chochote mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi na ndugu wote wajue. Kama una mke au mume, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzako. Ridhaa iwe ya maandishi, na sahihi yake. "Mama watoto anajua" haitoshi. Lipa kodi ya ardhi yote unayodaiwa. Maliza bili ya maji. Nyumba ikiwa rehani, zungumza na benki kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote. Kama eneo halijapimwa na ulicho nacho ni karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, sema hivyo tangu siku ya kwanza, maana bei yake ni nyingine na mnunuzi atagundua tu. Watu wameumizwa sana mjini hapa. Kuta zimejaa maandishi ya NYUMBA HII HAIUZWI, na anayepita mbele ya kuta hizo kila siku hatakuamini kwa sura yako. Atataka kwenda kwa Msajili wa Hati kuthibitisha. Mpe namba ya hati na nakala. Hati yenyewe isitoke mikononi mwako.

Hesabu ya kodi ifanye kabla hujataja bei. Mkazi anayeuza nyumba hulipa asilimia 10 ya faida, yaani kinachobaki baada ya kutoa gharama ulizonunulia, ulizojengea na ulizokarabatia. Gharama hizo zinahitaji ushahidi, kwa hiyo tafuta risiti za nondo, saruji na bati popote ulipozitupa. Asiye na kumbukumbu, tangu Sheria ya Fedha ya 2023, hukadiriwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Makazi binafsi yana nafuu yake, iulizie TRA, mamlaka ya mapato. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida hulipwa na mnunuzi, lakini andikeni hivyo. Ofisi ya mtaa ikidai asilimia 10 ya mauzo, omba kifungu cha sheria na risiti ya serikali. Na atakayekushauri muandike bei ya uongo kwenye mkataba ili kodi ipungue, mkatae. Siku mkigombana, itakayosomwa ni hiyo bei ya uongo.

Bei: uliza nyumba ya jirani iliuzwa kwa kiasi gani, usiulize anaiuza kwa kiasi gani. Fedha ulizozika kwenye msingi hazimhusu mnunuzi. Taja bei kwa shilingi, kanuni za 2025 zimekataza kutangaza bei kwa dola ndani ya nchi.

Madalali wawe wachache na mkubaliane kwa maandishi. Ukiwaachia kumi, kila mmoja ataweka cha juu chake, na nyumba ileile itazunguka kwenye simu za watu kwa bei nne tofauti. Mnunuzi akiona bei nne anangoja ya tano. Wengine wanamtoza mteja pesa ya kuonyeshwa nyumba, kwa hiyo wanakuletea watu wasio na nia ili wavune huko. Mwambie dalali kabisa: atalipwa siku nyumba itakapolipwa, kwa asilimia iliyoandikwa, basi.

Ziba paa kabla ya masika. Fyeka majani. Nyumba isikae tupu.

Sasa malipo ya awamu, na hapa naomba utulie usome.

Mjomba wangu, mstaafu, aliiweka sokoni nyumba yake ya Mbezi akitaka kurudi Korogwe. Ilikaa sana. Mwisho akatokea mfanyabiashara mmoja, mpole, shikamoo haimtoki mdomoni. Bei walikubaliana milioni 90. Akatoa kianzio cha milioni 35, iliyobaki ndani ya miezi sita, akaomba na ufunguo ili familia yake iache kulipa kodi kwingine. Mlinzi alikuwa anadai mshahara, nyumba inaota ukungu, mjomba akampa. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, umeandikwa kwa kalamu, mashahidi wawili. Ulitaja bei, kianzio na tarehe ya mwisho. Haukutaja itakuwaje pesa isipokuja.

Pesa haikuja. Kwanza kontena lilikwama bandarini, kisha kukawa na msiba, kisha simu ikawa inapokelewa na mke. Mjomba alipopanda daladala kwenda mwenyewe, alikuta geti limepakwa rangi mpya na kufuli si lile. Kijana asiyemfahamu alimchungulia kwenye uwazi akamuuliza, "Mzee, una shida na nani?" Alipotaka kuvunja mkataba, mnunuzi akatoa orodha: vigae, tangi la maji, rangi, ukuta wa nyuma. Akadai arudishiwe kianzio pamoja na hayo yote. Na kianzio kilikwishakuwa nyumba ya Korogwe, imefika kwenye renta. Kumuuzia mwingine hakuwezi, nani atanunua nyumba yenye familia ya watu ndani? Wakapelekana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, tarehe ikawa inaitana na tarehe, mpaka wakapatana nje. Mjomba alipokea jumla ndogo kuliko ile ambayo mtu mwingine alimletea taslimu mwanzoni kabisa, naye akamkatalia kwa kuwa ni ndogo.

Kwa hiyo shika hivi. Ukiletewa pesa pungufu lakini kamili, ipime vizuri kabla ya kuifukuza, maana milioni 75 za leo zinaweza kuzidi 90 za ahadi. Ukikubali awamu, mkataba uandikwe na wakili wako, siyo wa mnunuzi, na useme wazi: akichelewa, mkataba unavunjika baada ya notisi ya siku kadhaa, kianzio kinakatwa kiasi fulani, na kinachobaki kinarudishwa kwa utaratibu gani. Ufunguo usitoke kabla ya shilingi ya mwisho. Akilazimika kuingia, aingie kama mpangaji, kwa mkataba wa pango wa peke yake, alipe kila mwezi, na asipige hata msumari bila ruhusa yako ya maandishi. Fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, usizitie sahihi ukamwachia akae nazo "kwa urahisi". Wakili azitunze. Kianzio nacho kisiguswe mpaka biashara iishe, hata kama mafundi wa Korogwe wanapiga simu kila asubuhi.

Kama huna deni linalokubana, fikiria kupangisha kwanza, kwa mkataba wenye kipengele cha notisi ili mpangaji asigeuke kizuizi mnunuzi akija. Usiseme kwa yeyote, hata dalali wako, kwamba una ada ya kulipa mwezi ujao au mgonjwa hospitali. Usiwaonyeshe watu nyumba ukiwa peke yako jioni. Malipo yafanyike benki, mkiwa na mawakili, na ujumbe wa simu unaosema pesa imeingia usiuamini mpaka benki wenyewe waithibitishe. Mkimaliza, mpeleke mnunuzi kwa mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote, piga nakala ya kila karatasi uweke mahali pawili, na ile namba ya simu uliyoandika ukutani ipake chokaa siku hiyohiyo.