Kabla ya Kumpa Mtoto Dawa ya Usingizi: Somo kwa Wazazi na Walezi

Mtoto aliyelala na mtoto aliyeleweshwa kwa dawa hufanana machoni pa mzazi, lakini miili yao haiko katika hali moja. Katika usingizi wa kawaida ubongo huendelea kuilinda pumzi, hivyo njia ya hewa ikiziba mtoto hugeuka, hukohoa au huamka. Dawa ya kutuliza hupunguza ulinzi huo, na hatua zote zinazofuata zinatokana na jambo hilo moja.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba tatizo lipo. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 huhitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji saa 8 hadi 10. Mzazi anayemlaza mtoto wa miaka minane saa moja jioni na kutaka aamke saa moja asubuhi anamdai saa 12 kamili, ilhali huenda mwili wake unatosheka na 10. Kwa vijana, balehe yenyewe huchelewesha saa ya mwili, kwa hiyo kijana asiyesinzia saa tatu usiku si lazima awe mgonjwa. Andika kwenye daftari muda wa kulala na wa kuamka kwa wiki mbili, kisha umpelekee daktari daftari hilo.

Hatua ya 2: Tafuta kinachomwamsha. Mwasho wa ngozi, kikohozi cha pumu, hofu, upungufu wa madini ya chuma unaosumbua miguu usiku, na vinywaji vyenye kafeini vyote huvuruga usingizi, na hakuna hata kimoja kinachotibiwa kwa kumlewesha mtoto. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kukoroma. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, au anayekata pumzi kisha akashtuka, huenda ana mafindofindo au nyama za puani zilizovimba. Dawa ya kutuliza hulegeza misuli ya koo na kuweza kuifunga njia ambayo tayari ni nyembamba, kwa hiyo mtoto huyo achunguzwe kwanza.

Hatua ya 3: Ijue dawa yenyewe. Promethazini, dawa ya mzio inayoleta usingizi, haipaswi kabisa kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa imewahi kuzuia pumzi na kuua watoto wa umri huo. Zolpidemu, kidonge cha usingizi cha watu wazima, haijaidhinishwa kwa walio chini ya miaka 18 nchini Marekani, na mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo iliiwekea onyo lake kali kuliko yote, kwa sababu watumiaji waliamka, wakatembea, hata wakaendesha magari, bila kujitambua. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, na jamaa zake huleta utegemezi, na zikichanganywa na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni zinaweza kusimamisha pumzi.

Melatonini huaminiwa kupita kiasi kwa kuwa huitwa ya asili. Ni kweli kwamba mwili huitengeneza, na chini ya uangalizi wa daktari huwasaidia baadhi ya watoto, hasa wenye usonji. Hata hivyo ni homoni, si peremende. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulipima bidhaa 25 za kutafuna, na 22 kati yake hazikuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Moja haikuwa na melatonini yoyote.

Hatua ya 4: Pima kwa bomba la kupimia dawa, si kwa kijiko. Kijiko cha chai cha vipimo ni mililita 5 na cha chakula ni 15, kwa hiyo anayevichanganya humpa mtoto dozi mara tatu. Mfamasia akuoneshe kwenye bomba mstari wenyewe, kwa sababu miligramu na mililita si kitu kimoja, na chupa mbili za dawa ileile zinaweza kutofautiana nguvu. Soma pia viambato vya dawa ya mafua, kwani huenda ina kituliza kingine ndani yake. Andika saa uliyompa dawa, ili mlezi wa pili asirudie, na usiongeze dozi kwa sababu tu mtoto bado yuko macho.

Hatua ya 5: Kesha naye usiku wa kwanza. Mtoto akishindwa kuamshwa, akipumua polepole au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, au midomo na ufizi ukigeuka rangi, mlaze ubavu, usimtapishe, na uite msaada wa dharura mara moja. Chukua chupa ya dawa uende nayo.

Maswali ya wazazi

*Mwanangu wa miaka minne alipewa dawa ya mzio ili alale, badala yake alirukaruka hadi alfajiri. Je, dozi ilikuwa ndogo?*
Hapana, mama. Dawa za mzio za zamani huwachangamsha baadhi ya watoto badala ya kuwatuliza. Ukiongeza utakaribia kiwango cha sumu, ambacho huleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo. Mweleze daktari wake, na usiirudie kwa ajili ya usingizi.

*Tunasafiri usiku na mtoto wa miezi 14. Naweza kumpa kidogo tu?*
Usimpe. Safarini mtoto hukaa kichwa kikiwa kimeinama, mzazi naye amesinzia, na msaada uko mbali.

*Binti yangu wa miaka 16 amekuwa akinywa diazepamu za bibi yake tangu mitihani ianze, wiki sita sasa. Nizitupe?*
Ndugu, zifungie kabatini leo, lakini usimkatishe ghafla, maana baada ya wiki sita mwili unaweza kujibu kwa mitetemeko au degedege. Daktari atapanga kuzipunguza polepole, hivyo muone kesho. Muulize binti kwa upole kama anakunywa pombe, na muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru, kwani swali hilo halimpandikizii wazo hilo. Akikubali kwamba amewahi kufikiria kujidhuru, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali usiku huohuo. Kisha hesabu vidonge vya bibi vilivyobaki na uandike idadi.