Kuvisha ngozi mpini wa upanga wa mwanga

Upanga wa Luke Skywalker katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ulitengenezwa kwa mshikio wa taa ya kamera ya Graflex, ukabandikwa vipande vyeusi ili usiteleze. Ngozi haikuwamo. Wangu, wa kuigiza, wenye betri, spika na bomba linalowaka, nimeuvisha ngozi kwa sababu alumini tupu hainikai mkononi nikitoa jasho, na kwa sababu sime ya babu yangu, yenye mpini uliofunikwa ngozi, sikuwahi kuiona ikimponyoka.

Tafuta ngozi ya ng'ombe iliyodabaghiwa kwa magome ya miti, unene wa milimita 1.2 hivi. Ile laini ya mikoba, iliyotengenezwa kwa kromu, haishiki umbo ikilowa na kukauka. Mimi hununua mabaki kwa mafundi wa Kariokor, Nairobi. Dondoshea tone la maji: likinywewa na ngozi ikawa nyeusi papo hapo mahali pale, lipia.

Sasa kipimo, na hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Mpini wangu una kipenyo cha milimita 38, kwa hiyo mzunguko wake ni 119. Ukizungushia kipande cha ngozi, kingo zinakutana kwenye 123, maana unene wa ngozi nao unakula nafasi. Mara ya kwanza nilikata 123. Nikashona vizuri, ikapendeza, na kesho yake ikawa inazunguka kama pete kwenye kidole chembamba. Kata 119, yaani mzunguko wa mpini wenyewe. Pengo la milimita 4 linalobaki ndilo uzi utakalolivuta mpaka lizibe, na mvuto huo ndio unaoishika ngozi. Gundi sijaihitaji tena tangu hapo.

Urefu wangu ni milimita 110, kutoka chini ya swichi hadi juu ya matundu ya spika. Tundu la chaji na skrubu ya kubania bomba la mwanga viache wazi.

Piga mstari milimita 3 kutoka kila ukingo, weka alama kila milimita 4, utoboe kwa msharasi. Kwangu yalitoka matundu 27 kila upande. Hesabu mara mbili. Tundu moja likizidi, mshono wote utakwenda upande.

Toa betri. Funika skrubu za chuma kwa selotepu, kwani ngozi ya magome ikilowa na kugusa chuma chenye kutu au kisichopakwa kitu hutoa doa jeusi lisilofutika. (Baadhi ya mafundi hutumia jambo hilo hilo kwa makusudi: misumari hulowekwa kwenye siki, na maji yake huipaka ngozi rangi nyeusi.) Chovya ngozi kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu dakika, ifute, kisha uizungushe mpinini.

Mita moja ya uzi wa nta inatosha, na sindano mbili butu, moja kila ncha. Pitisha zote mbili kutoka ndani kwenda nje katika matundu mawili ya kwanza, usawazishe uzi. Baada ya hapo kila sindano ivuke upande wa pili, iingie chini ya ukingo na kutokea juu kwenye tundu linalofuata. Kulia kwanza, kushoto baadaye, bila kubadilisha zamu hata mara moja, ndipo misalaba italala sawasawa. Kila baada ya mishono mitatu vuta, lakini vuta kwa kuambaa na mpini. Ukivuta kwenda juu, ngozi iliyolowa inachanika kwenye tundu.

Malizia kwa fundo mbili, uzifiche chini ya ukingo kwa ncha ya msharasi. Acha usiku kucha kivulini. Juani inakakamaa na kupasuka.

Asubuhi paka nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa, usugue mpaka ipate joto. Shika mpini, jaribu kuzungusha ngozi kwa nguvu zako zote. Isipotikisika, rudisha betri.