Kabla ya Kuagiza Miwani ya Kupimiwa ya Kulengea Shabaha

Miwani unayovaa kila siku, hata ikiwa imara vipi, haikulindi kwenye uwanja wa shabaha. Mara nyingi lenzi zake ni za plastiki ya kawaida iitwayo CR-39. Kipande cha risasi kikigonga chuma na kurudi, lenzi ya namna hiyo inaweza kupasuka na vipande vyake vikaishia jichoni, na fremu yenyewe haikuundwa kuizuia isichomoke kuelekea usoni. Kwa hiyo kama macho yako yanahitaji miwani, utahitaji nyingine ya kazi hii, na kuna mambo ya kuyamaliza kabla hujaiagiza.

La kwanza ndilo ambalo wengi hawaulizwi wanapopimwa: unapolenga, jicho lako linatakiwa kuona nini vizuri zaidi? Kwa bastola, au bunduki isiyo na darubini, ni kile kilengeo cha mbele kilichosimama karibu na ncha ya mtutu. Shabaha ikiwa na ukungu kidogo bado utaipiga, lakini kilengeo kikififia unabahatisha tu. Aliyevuka miaka 40 hulijua tatizo hili vizuri. Miwani yake ya mbali inakifanya kilengeo kiwe na ukungu, ya kusomea imepimwa kwa umbali wa kitabu, na ile yenye sehemu mbili inamlazimisha ainue kidevu mpaka mkao wote wa mwili unaharibika.

Dawa yake ni futi ya kupimia. Shika kijiti kama unavyoshika bastola, mikono ikiwa imenyooka kama kawaida yako, na mwenzako apime kutoka kwenye jicho hadi pale kilengeo kinapokaa. Ukiwa na bunduki ndefu, pima na yenyewe, baada ya kuikagua na kuhakikisha kwamba haina risasi. Mpelekee mtaalamu wa macho kipimo hicho; silaha ibaki nyumbani. Kikiwa sentimita 66, hesabu inaangukia karibu dayopta 1.5 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) juu ya nguvu yako ya kuonea mbali, ingawa yeye ndiye atakayeamua kiasi hasa baada ya kukujaribishia lenzi. Baadhi ya walengaji huweka nguvu hiyo kwenye jicho la kulengea tu, na jicho la pili likabaki la mbali. Anayetumia kilengeo cha nukta nyekundu, au anayepiga visahani vinavyorushwa hewani, kwa kawaida lenzi ya mbali inamtosha.

Mwonyeshe pia mkao wako. Ukilaza shavu kwenye kitako cha bunduki, hutazami tena kupitia katikati ya lenzi, unatazama kupitia juu, karibu na pua. Kwa mwenye lenzi kali, tofauti hiyo inatosha kupotosha anachokiona.

Kuhusu lenzi yenyewe, chagua polikaboneti au Trivex, ambazo ni aina za plastiki ngumu. Zote mbili hustahimili kugongwa kwa nguvu. Trivex huonyesha vitu kwa usafi zaidi pembeni. Kisha tafuta alama. Katika kiwango cha Marekani, lenzi iliyopimwa kwa kugongwa kwa nguvu kubwa huandikwa Z87+, na fremu ya lenzi za kupimiwa huandikwa Z87-2. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 166, herufi F maana yake miwani ilihimili kigololi cha chuma cha milimita 6 kilichorushwa kwa mita 45 kwa sekunde. Angalia lenzi na fremu, zote mbili, kwa sababu fremu yenye alama iliyotiwa lenzi ya kawaida haina maana. Na hakuna miwani ya kuzuia risasi inayokujia moja kwa moja.

Ukihitaji lenzi kali sana, fremu iliyopinda kuzunguka uso inaweza kukupa picha iliyopindapinda. Hapo ni afadhali kinga ya nje isiyo na nguvu ya kuonea, yenye lenzi ndogo za kupimiwa zilizopachikwa ndani yake, ijapokuwa hushika mvuke upesi. Kinga pana ya kuvaa juu ya miwani ya kawaida inamfaa anayeanza.

Nafasi kati ya nyusi na fremu naipa uzito mkubwa. Ganda tupu la risasi, likiwa bado la moto, likiruka kutoka kwenye bastola na kunasa hapo, mtu hushtuka na kupeleka mkono usoni akiwa bado ameshika silaha yenye risasi. Fremu ikae karibu na paji la uso. Mikono yake iwe myembamba, vinginevyo itainua vikinga masikio na kuacha mlango wa sauti. Nenda navyo dukani uvijaribu pamoja.

Rangi isikuchoshe: lenzi angavu kwa ndani na jioni, kijivu kwa jua kali, ya manjano au ya chungwa kwa visahani ukipenda. Vaa miwani hiyo hata unaposafisha silaha, maana springi huruka na dawa za kusafishia hurusha matone, lakini uioshe mara dawa ikiigusa, kwani baadhi ya dawa hizo huiharibu polikaboneti. Lenzi iliyokwisha kupigwa na kitu kwa nguvu ibadilishwe, hata kama huoni ufa.