Kuvuka ziwa lililoganda usilolijua kwa pikipiki ya theluji: hatua kwa hatua, na wapi pa kugeuzia

Jamani kila ikifika Desemba simu yangu inaanza, "kaka, barafu inchi ngapi inatosha kupita na mashine?" Niko Minnesota, Marekani, mwaka wa 11 sasa, kaskazini huku, kazi yangu fundi wa injini ndogo na wikendi za baridi naongoza wageni kwenye pikipiki za theluji (snowmobile, zile zenye skii mbele na mkanda chini badala ya magurudumu), na Waswahili tunazidi kuwa wengi, kwahiyo nimeona niandike mara moja niwe naituma hii tu. Jibu la swali lipo: inchi 5 mpaka 7 (sentimita 13 hadi 18 hivi) za barafu mpya, ngumu, ya kioo. Ndo wanavyosema idara ya maliasili ya jimbo, DNR. Ila hiyo namba ni ya shimo ulilotoboa, pale pale ulipotoboa, ukisogea hatua 50 inaweza ikawa inchi 2 na huoni tofauti yoyote kwa juu kwa sababu theluji imefunika kila kitu. Mimi ni mtoto wa Mwanza, nimekulia ziwani, nikaja huku na akili kwamba ziwa nalijua. Hiyo akili karibu iniue, nitasimulia.

Hatua ya 1: Uliza wenyeji, na uulize siku hiyo hiyo

Minnesota inajiita nchi ya maziwa 10,000, ukihesabu yale ya ekari 10 kwenda juu ni 11,842, na usitegemee serikali ikupimie. DNR hawapimi barafu, wanatoa mwongozo tu, na wao wenyewe wanakwambia hakuna barafu salama kwa asilimia 100. Anayejua ni yule mzee wa duka la chambo pale kando ya ziwa. Ingia, nunua hata kopo moja la minyoo kama huvui, halafu usiulize "barafu iko salama?" maana atakujibu "iko poa" kama anavyojibu kila mtu. Muulize hivi: wewe mwenyewe huwa hupiti wapi? Hapo utaona anavuta karatasi anaanza kukuchorea. Pale kuna chemchemi, pale bata bukini wamekaa juzi tu maji yako wazi, pale ufa umefunguka tangu jana.

Na ni siku hiyo hiyo kweli, sio habari za wiki iliyopita. Ziwa kama Mille Lacs lina kilomita za mraba 500 na ushee, upepo ukipiga barafu yote inasukumana, inapasuka hapa inakunjana pale. Wenye rizoti wanalima barabara juu ya barafu kabisa na kuweka vidaraja vya kuvukia nyufa, na barafu ikihama na wao wanahamisha daraja. Ukifuata alama ya tairi ya Jumatatu siku ya Ijumaa unaweza ukafika mahali daraja halipo tena.

Hatua ya 2: Soma ramani kabla hujasoma barafu

Kaa na ramani ya ziwa, ile inayoonyesha vina, uweke alama nyekundu sehemu hizi: mto unapoingia, mto unapotoka, chini ya madaraja, na shingo, yaani pale ziwa linapobanwa kati ya nchi kavu mbili. Halafu ongeza ncha za visiwa, miamba iliyo karibu na uso wa maji, matete, na magati ya watu matajiri wanaoweka pampu za mapovu ili barafu isivunje mbao zao.

Kwanini hizo? Maji yana tabia yao ya ajabu, uzito wake mkubwa kabisa ni kwenye nyuzi 4, kwahiyo ziwa likipoa yale ya nyuzi 4 yanakaa chini na yale ya baridi zaidi yanabaki juu ndo yanaganda. Maana yake chini ya hiyo barafu yako kuna maji ya uvuguvugu kidogo (uvuguvugu wa friji, lakini bado). Yakitulia, hakuna shida. Yakiwa na mkondo, yanapita yanalamba barafu kwa chini usiku na mchana, na wewe juu unaona theluji nyeupee imetulia kama shuka.

Sasa mkasa wangu. Ilikuwa msimu wangu wa tatu, Januari, wiki nzima iko chini ya nyuzi 20 hasi, nikapima ufukweni nikapata inchi 11. Inchi 11! Nikajisemea hapa hata gari dogo linapita. Nikakata katikati, kuna shingo inaunganisha nusu mbili za ziwa, upana wake kama uwanja wa mpira, nikaingia pale peke yangu na mwendo wa wastani, na kilichotokea sikukisikia, nilikiona tu: skii za mbele zikainama kama ng'ombe anakunywa maji, halafu mimi niko kwenye maji mpaka kidevuni. Wazee wetu walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, mimi niliyafika. Nilivyotoka nitaeleza kwenye hatua ya 6. Mashine ilibaki chini, na sheria ya Minnesota inakupa siku 30 uitoe, kwa gharama zako, na wazamiaji walinichaji zaidi ya bei niliyoinunulia.

Hatua ya 3: Vaa kama mtu anayejua atazama

Boya la kuvaa, lile la mvuvi, juu ya nguo zote za baridi. Au suti ya kuelea ukiwa na hela. Watu wanaona aibu kuvaa boya kwenye theluji, wanachekana, waache wacheke.

Misumari ya kujiokolea: vishikio viwili vya mbao au plastiki, kila kimoja kina msumari, vimeunganishwa na kamba. Madukani viko, hata kutengeneza unaweza, mpini wa ufagio na misumari miwili basi. Vining'inie shingoni juu ya jaketi. SIO kwenye boksi la mashine. Mashine ndo inayozama kwanza, ikizama na misumari yako umebaki na kucha.

Simu kwenye mfuko usioingia maji, mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi hii inaua betri kabla hata ya maji kuiua. Filimbi. Kamba ya mita 15 au 20. Nguo zako kavu zibebwe na mwenzako, na zake uzibebe wewe, maana nguo zako mwenyewe zitazama pamoja na wewe, mtu hafikirii hilo mpaka limtokee. Ndiyo, mwenzako, ziwa usilolijua huvuki peke yako. Na mtu aliyebaki nyumbani ajue unapita wapi na unarudi saa ngapi, ikipita hiyo saa apige 911, namba ya dharura ya huku.

Hatua ya 4: Pima, na ujue unachopima

Vifaa: mtaimbo, keekee kubwa ya kutobolea barafu (siku hizi za betri zipo), na tepu ya kupimia. Ukiingia ziwani tembea kwa miguu kwanza, mtaimbo mbele. Piga kwa nguvu. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, simama, rudi kwenye nyayo zako zile zile. Pakiwa pagumu toboa, ingiza tepu, ile ndoano yake ishike chini ya barafu, soma. Rudia kila futi 150, mita 45 hivi. Najua inachosha. Ukiona inakuchosha zunguka kwa barabara, barabara zipo.

Sasa rangi, na hapa lugha yetu inatuangusha kidogo, tunaita kila kitu barafu. Ya kioo, ile ya rangi ya bluu au inayoonekana nyeusi kwa sababu unaona maji chini, ndo ngumu, ndo zile inchi 5 mpaka 7 zake. Nyeupe ya maziwa ni theluji iliyolowa ikaganda, ina hewa ndani, nguvu yake nusu tu, kwahiyo unahitaji mara mbili, inchi 10 mpaka 14. Kijivu ina maji, usikae hapo unaichunguza, ondoka. Mara nyingi shimo moja lina tabaka zote, juu nyeupe inchi 4, chini kioo inchi 3, na mtu anakwambia "inchi 7 hizo twende". Hapana, hizo ni inchi 5 kwa hesabu, na kwangu mimi 5 kwenye ziwa geni ni ndogo, sipiti chini ya 8, hiyo ni sheria yangu tu.

Utasikia pia milio. Ziwa linanguruma kama ngoma kubwa mbali, wageni wengine wanalala chini kabisa. Huo mara nyingi ni mlio wa barafu kutanuka na kusinyaa na joto likibadilika, na barafu nene ndo inapiga kelele hasa. Mimi ninachoogopa ni maji yanayopanda kwenye ufa ukiwa umesimama.

Hatua ya 5: Kuendesha kwenyewe

Mchana. Hili sijadili. DNR wanasema vifo vingi vya kuzama na hizi mashine vinatokea kwa sababu taa ilipomulika shimo, dereva alikuwa na mwendo ambao hawezi tena kusimama. Piga hesabu mwenyewe: maili 40 kwa saa ni karibu mita 18 kila sekunde, na juu ya barafu tupu ule mkanda wa chini hauna pa kung'ata, unakaba breki mashine inateleza tu inaendelea na safari.

Achaneni nafasi, mita 50 au zaidi, mmoja nyuma ya mwenzake. Pikipiki yenyewe ni kilo 200 na kitu, weka mtu na mafuta, halafu mkisimama watatu sehemu moja kupiga selfi mmeweka gari dogo pale. Selfi mpige ufukweni.

Kuna kitu sisi wageni tunashtukizwa nacho, mimi nakiita uji. Theluji ikiwa nzito inaikandamiza barafu, maji yanapanda kwenye nyufa, yanakaa kati ya barafu na theluji, na hayagandi maana theluji ni blanketi. Huzami, unanasa. Ukihisi mashine inakuwa nzito ghafla usisimame, vuta moto taratibu uendelee mpaka ufike pakavu. Ukisimama kwenye uji utatoa jasho la kuchimba na kusukuma, jasho kwenye nyuzi 20 hasi ni tatizo la pili, na uji ukiganda kwenye mkanda ndo umepata tatizo la tatu.

Kinyume chake, barafu tupu isiyo na theluji, injini inachemka, kwa sababu nyingi za hizi mashine zinapozwa na theluji inayorushwa chini. Watu wakiona taa ya joto wanakimbiza wafike upesi. Usikimbize, simama, zima, ipoe.

Ukikuta tuta la barafu iliyokunjana limekatiza mbele, usilirukie, upande wa pili mara nyingi kuna maji. Fuata mpaka ukute daraja au njia ya wenyeji, ukikosa geuza. Na vijana mnaonitumia video za watu wanaoteleza juu ya maji wazi kwa spidi: mashine haielei. Ikizima katikati, imezima.

Hatua ya 6: Ukizama

Profesa mmoja wa Manitoba kule Kanada, Gordon Giesbrecht, amejizamisha mwenyewe kwenye maji ya baridi mara nyingi kwa utafiti, na hesabu yake ni rahisi kukumbuka: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakusikiliza, na saa 1 kabla baridi haijakupoteza fahamu. Mimi nilikuwa siijui, nilidhani nitakufa ndani ya dakika mbili na nilihangaika kama nakufa kweli. Ile dakika ya kwanza utavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, funga mdomo usinywe maji, vumilia, inapita. Suti ina hewa itakushikilia kidogo.

Halafu geuka. Rudi ulikotokea, barafu ya nyuma ndo iliyokubeba, ya mbele huijui. Mikono juu ya barafu, misumari ichomeke, miguu ipige nyuma kama unaogelea mpaka mwili ulale sambamba na maji, ndo ujivute. Ukijaribu kupanda wima kama unapanda ukuta hutoki. Barafu ya ukingo ikivunjika endelea tu, vunja mpaka ufike ngumu. Mimi sikuwa na misumari, nilitumia funguo za nyumba, alama kwenye kiganja ninayo mpaka leo. Ukitoka USISIMAME, jiviringishe kama mkeka mpaka mbali.

Hatua ya 7: Akizama mwenzako

Usimkimbilie. Piga 911, mpigie kelele ageuke apige miguu, lala kifudifudi umrushie kamba. Akitoka, nguo za maji zivuliwe, kavu zivaliwe, mkingeni upepo, mpeni chai ya sukari kama yuko macho na anaongea vizuri. Msimsugue mikono na miguu, na ile chupa ya pombe ya "kumpasha moto" irudi kwenye begi.

Mwisho, msimu. Machi utatoboa upate inchi 20 ukasema mbona nene. Jua la Machi linaila kwa ndani, inakuwa kama mishumaa iliyosimama wima imepangwa, unaigonga inaachana. Mwezi wa tatu mashine yangu mimi iko kwenye stendi gereji, ukinipigia kwamba twende ziwani nitakwambia njoo tunywe chai, nina maandazi.