Kuingiza gitaa zito kwenye biti ya indastriali bila kuiua mashine

Mwaka 1992 Front Line Assembly, kundi la indastriali (muziki wa kielektroniki wenye milio ya mashine) la Vancouver, Kanada, walitoa Tactical Neural Implant, albamu ya sinthesaiza na sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) mwanzo mwisho. Miaka 2 baadaye wakaja na Millennium, magitaa yamejaa tele. Mengine kayapiga Devin Townsend, mengine ni vipande vilivyokatwa kwenye rekodi za hevi metali na kutiwa kwenye sampula, chombo cha kupigia vipande hivyo kama noti. Mimi huirudia albamu hiyo kila ninapokwama. Isikilize kwa makini: gitaa ndilo linaloifuata mashine. Ukigeuza mambo, utabaki na bendi ya roki iliyokodi kinanda.

Unahitaji gitaa la umeme, kadi ya sauti yenye tundu la gitaa, na kompyuta yenye programu yoyote ya kurekodi. Amplifaya ya kweli si lazima.

Hatua ya 1: Maliza biti kwanza

Weka tempo 120. Kiki kwenye kila pigo (ile ngoma nzito ya chini, si kiki wanayotafuta mastaa mitandaoni), halafu besi ya sinthesaiza inayogonga mara 4 ndani ya kila pigo. Kwa tempo hiyo kila noti ya besi inachukua milisekunde 125. Ikariri namba hiyo, tutaihitaji. Kama kichwa hakitikisiki bado, usiguse gitaa. Halitakuokoa.

Hatua ya 2: Shusha waya mnene

Utoe kwenye E, uufikishe D. Sasa unatetema kwenye Hz 73 hivi, na kodi nzito (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) unazibana kwa kidole kimoja. Biti nayo iwe kwenye D.

Hatua ya 3: Rekodi kavu, mara mbili

Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, kilele cha sauti kisizidi dB -12. Chomoa chaja ya laptopu. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikiusaka mlio kama wa nyuki, nikabadilisha kebo mbili, nikalilaumu gitaa la watu, kumbe ni chaja. Tangu siku hiyo narekodi kwa betri.

Kisha tafuta soksi ya mtoto, ifunge kwenye shingo ya gitaa karibu na freti ya kwanza, kile chuma cha kwanza cha shingoni. Inazima nyuzi usizozigusa zisiendelee kuvuma. Haipendezi machoni, lakini distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa la roki, hukuza kila uchafu, na uchafu huo ndio utakaokusumbua hatua ya 5.

Piga rifu (kifungu kifupi cha gitaa kinachojirudia) ileile mara mbili kwa mkono wako. Moja itakaa kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Usinakili ya kwanza. Sababu utaiona mwishoni.

Hatua ya 4: Distosheni, lakini kidogo

Weka amplifaya ya programu pamoja na kabati lake la spika. Ongeza distosheni hadi uipende, halafu ipunguze karibu theluthi. Magitaa mawili yakikaa pamoja yanajinenepesha yenyewe, na ukizidisha, piki, kile kiplastiki cha kupigia, haisikiki tena ikigonga waya. Kugonga huko ndiko kunakolingana na ngoma.

Hatua ya 5: Kata

Hapa ndipo gitaa linapogeuka mashine. Weka noizi geti (huzima sauti ikishakuwa ndogo) inayofunga upesi, kisha panga kila pigo la gitaa lianze palepale inapoanzia noti ya besi. Mwisho wake ukate kwa kisu: kwenye milisekunde 125, au 250 ukitaka livute pumzi. Kila mkato uupe mteremko mfupi wa milisekunde 3 hadi 5, la sivyo utasikia "tik" kila mahali.

Sasa chagua vipande vinne vitano vilivyokaa vizuri, viingize kwenye sampula, na rifu uipige upya kwa kibodi. Kimoja kishushe noti 2 au 3 chini ya kilivyorekodiwa. Kitanguruma kwa namna ambayo hakuna mkono wa mtu unaoweza, na ndicho tunachokitafuta.

Si lazima kila wimbo uende hivi. Kundi la Godflesh la Birmingham, Uingereza, kwenye Streetcleaner ya 1989, waliiacha mashine ya ngoma igonge kama nyundo huku gitaa likiburuzika juu yake, refu na chafu. Karibu na kwetu, kundi la Duma la Nairobi mwaka 2020 walitoa albamu kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ambayo kelele zake hazimngoji mtu. Lakini kama ni mara yako ya kwanza, kata. Kuburuza kunataka sikio lililokomaa.

Hatua ya 6: Gawa uwanja

Kwenye ikwalaiza ondoa kila kitu cha gitaa kilicho chini ya Hz 100. Likiwa peke yake litasikika jembamba, utatamani kurudisha. Usirudishe, huko chini ni kwa besi na kiki. Kisha weka kompresa (hushusha sauti yenyewe) kwenye magitaa, iamshwe na kiki, iyashushe dB 2 au 3 kila inapogonga. Snea, ile ngoma kali ya juu, ikizama, punguza gitaa kidogo kwenye Hz 2,500.

Mwisho, badilisha miksi iwe mono (kushoto na kulia vikiunganishwa) na uicheze kwenye spika ya simu. Gitaa likififia au likitoa sauti ya mtu anayeongea ndani ya bomba, basi ulinakili rekodi moja na kuichelewesha kidogo ili ipanuke. Rudi hatua ya 3, na soksi usiisahau.