Kuoanisha spika ndogo na sabwufa
Spika ndogo zenye wufa (koni ya sauti nzito) ya inchi 5 huanza kuishiwa pumzi sauti inaposhuka karibu na Hz 60 (Hz ni mitetemo kwa sekunde; ikipungua, sauti huwa nzito zaidi). Kwa hiyo weka krosova, yaani mpaka ambao besi iliyo chini yake huachiwa sabwufa (spika ya besi nzito), kwenye Hz 80. Wufa isipolazimishwa kupiga besi nzito, sauti za waimbaji hutoka safi. Kama amplifaya ndiyo inayochuja besi hiyo, zungusha kitufe cha krosova cha sabwufa hadi Hz ya juu kabisa, la sivyo vichujio viwili vitafanya kazi moja na besi itapwaya.

Wati 50 kwa spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zinatosha sebule ya kawaida. Spika za omu 4 zinataka amplifaya inayozimudu, vinginevyo itachemka na kujizima.

Besi bado hafifu? Geuza swichi ya fezi ya sabwufa (hulinganisha mtetemo wake na wa spika), 0 au 180, uache palipo na besi nene zaidi. Sabwufa ikiwa konani hunguruma sana. Isogeze kabla ya kulaumu vifaa.